Klabu Iliyokula Viingilio vya Miaka 25

Siku ya mwisho ya msimu wa 1999/2000, Leeds United walikuwa London wakicheza na West Ham, na mechi ikaisha bila bao. Sare hiyo peke yake haikuwatosha. Nafasi ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa tiketi ya mwisho ya Uingereza kwenda Ligi ya Mabingwa Ulaya, ingekwenda kwa Liverpool kama wangeifunga Bradford City, timu iliyokuwa ikihangaika isishuke daraja. Bradford wakashinda 1-0. Bao lilifungwa kwa kichwa na beki David Wetherall, ambaye Leeds wenyewe walikuwa wamemuuza Bradford mwaka mmoja nyuma.

Basi Leeds wakaingia Ulaya kwa kichwa cha mtu waliyekwisha kumwonyesha mlango. Bahati ya namna hiyo mwenye busara huishukuru, akala matunda yake, akanyamaza. Viongozi wa Leeds waliiingiza kwenye bajeti.

Muongo ninaousimulia unaanza 1997, mwaka Peter Ridsdale alipokuwa mwenyekiti, na unaishia 2007, klabu ilipokwama kulipa madeni yake na kudondoka hadi daraja la tatu. Nchini Uingereza kisa hiki kimegeuka msemo: timu ikianza kutapanya fedha, watu huonyana isije ikafanya kama Leeds. Lakini wanaoutumia msemo huo mara nyingi husimulia habari ya ulafi na ujinga, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ulafi ni rahisi kuutambua. Kilichoiangusha Leeds kilikuja na sura nzuri zaidi, na karibu kila mtu aliyekiona alikipigia makofi.

Kwanza tuone walichokuwa nacho. Leeds walikuwa mabingwa wa Uingereza mwaka 1992, chini ya kocha Howard Wilkinson, msimu mmoja tu kabla Ligi Kuu ya sasa haijaanzishwa. Wilkinson hakuishia kwenye kombe. Katika miaka ya 1990 aliisimamia klabu ikajenga akademi huko Thorp Arch, nje kidogo ya mji, na mwaka 1997 vijana wa akademi hiyo wakatwaa Kombe la FA la Vijana. Katika kundi lile walikuwemo Harry Kewell, winga kutoka Australia. Jonathan Woodgate, beki wa kati. Paul Robinson, kipa aliyekuja kuidakia timu ya taifa ya England. Na Stephen McPhail, kiungo wa Ireland. Nyuma yao akachomoza Alan Smith, mtoto wa huko huko Leeds. Juu ya vijana hao wote alisimama nahodha Lucas Radebe wa Soweto, aliyetua mwaka 1994 pamoja na mwenzake Philemon Masinga. Mashabiki walimwita Chifu, kwa kuwa alitokea Kaizer Chiefs.

Ule ndio uliokuwa utajiri wenyewe. Haukukopwa popote. Kocha David O'Leary alipopandishwa mwaka 1998, baada ya George Graham kuhamia Tottenham, aliwapa vijana hao nafasi, nao wakaipeleka timu nafasi ya nne, kisha ya tatu. Mwaka 2000 wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Galatasaray. Usiku wa kuamkia mechi ya kwanza, mashabiki wawili wa Leeds waliuawa kwa visu katika mitaa ya Istanbul.

Msiba ule unahusika na hesabu za klabu kuliko unavyoonekana. Ridsdale aliubeba vizuri sana: alikuwa na familia za marehemu, alizungumza kwa utulivu, na hata magazeti yasiyomsifu kiongozi yeyote wa mpira yalimsifu yeye. Alikuwa ameipenda Leeds tangu utotoni. Watu wakamwona ni mwenzao aliyefanikiwa kukaa kwenye kiti cha mbele. Mtu wa namna hiyo akikwambia timu inahitaji beki wa pauni milioni 18, nani atamuuliza fedha zitatoka wapi? Mwenyekiti mgeni, mwenye suti na asiyejua historia ya klabu, angeulizwa maswali siku ya kwanza. Mapenzi ya kweli ya Ridsdale yaliondoa ulinzi ambao tuhuma huuleta.

Msimu wa Ligi ya Mabingwa ulikuwa mtamu, na ukiusahau utamu huo huwezi kuelewa yaliyofuata. Walianza kwa kupigwa 4-0 na Barcelona ugenini, watu wakadhani wamekuja kutalii. Wiki iliyofuata AC Milan walifika Elland Road katika mvua kubwa. Dakika za mwisho Lee Bowyer akapiga shuti ambalo kipa yeyote angelidaka. Mpira ulikuwa umelowa, ukamponyoka Dida, ukaingia. Besiktas wakachapwa sita bila. Marudiano ya Milan kule San Siro yakaisha 1-1, kwa bao la kichwa la Dominic Matteo, na sare hiyo ikawatoa Barcelona mashindanoni. Baada ya filimbi ya mwisho wachezaji walirudi uwanjani, wakasimama mbele ya mashabiki wao, wakaimba nao nyimbo za klabu huku taa za San Siro zikiwaka. Robo fainali wakawatoa Deportivo La Coruña. Nusu fainali na Valencia ilianza 0-0 nyumbani, ikamalizika 3-0 ugenini tarehe 8 Mei 2001.

Humo humo katika utamu fedha zilikuwa zikitoka. Mark Viduka alitoka Celtic kwa pauni milioni 6. Olivier Dacourt alitoka Lens kwa zaidi ya milioni 7. Novemba 2000 Rio Ferdinand akanunuliwa kutoka West Ham kwa milioni 18, bei ambayo hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imewahi kulipa, na duniani kote hapakuwa na beki aliyewahi kugharimu kiasi hicho. Robbie Keane akaja kutoka Inter, kwanza kwa mkopo, kisha kwa milioni 12. Katika miaka yake minne O'Leary alisajili wachezaji wa karibu pauni milioni 100. Baadhi yao walipatikana kwa mikataba iliyofanana na kukodi mashine: kampuni ya fedha inalipa bei, klabu inarejesha kwa awamu, mchezaji anacheza.

Kisha ligi ikaisha. Liverpool pointi 69, Leeds 68. Safari hii Liverpool walikwenda Charlton siku ya mwisho wakashinda 4-0, na nafasi ya tatu ikawa yao. Leeds walishinda mechi yao ya mwisho, haikusaidia.

Tukomee hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na njia panda. Mei 2001 klabu ilikuwa na wachezaji wanaotamaniwa Ulaya nzima, deni ambalo lingeweza kubebeka, na taarifa iliyo wazi kabisa: tiketi ya Ulaya inaweza kuja kwa kichwa cha Wetherall, na inaweza kwenda kwa pointi moja. Kumuuza mchezaji mmoja mkubwa kiangazi kile, kwa bei waliyoitaka wenyewe, kungeumiza. Mashabiki wangezomea. Magazeti yangeandika kwamba Leeds hawana kiu ya ubingwa. Lakini klabu ingevuka.

Walikopa. Mwaka 2001 Leeds walichukua pauni milioni 60 kutoka taasisi kubwa za uwekezaji, nyingine za Marekani, na dhamana ikawa mapato ya viingilio na tiketi za msimu za Elland Road. Muda wa kulipa ulikuwa miaka 25. Mtoto aliyezaliwa Leeds mwaka ule angeingia uwanjani akiwa kijana mwenye kazi yake, na noti anayoitoa mlangoni ingekuwa imekwisha kutumika kabla hajajua kutembea. Wakulima wa kahawa wa Kagera wana jina la biashara ya aina hii, wanaiita butura: kahawa ikiwa bado maua mtini, mwenye shida anaiuza kwa mwenye fedha, na msimu wa mavuno ukifika anachuma zao la mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe. Tofauti ni kwamba mkulima wa butura kwa kawaida anasukumwa na ada ya shule au mgonjwa hospitalini. Leeds hawakuwa na mgonjwa.

Na fedha hizo zilikwenda wapi? Oktoba 2001 akanunuliwa kiungo Seth Johnson kutoka Derby kwa milioni 7. Novemba akaja Robbie Fowler kutoka Liverpool kwa milioni 11. Kuna kisa maarufu kuhusu mazungumzo ya mshahara wa Johnson: kwamba wakala wake alikuwa na tarakimu ndogo kichwani, Ridsdale akataja kubwa zaidi ya mara mbili, na mgeni alipopigwa na butwaa, mwenyekiti akadhani amemkera akapandisha tena. Ridsdale amekikanusha, nami sikileti kama ushahidi. Ninachokiona ni kwamba mji mzima ulikiamini bila kusita, na klabu ambayo watu wako tayari kuiamini habari kama hiyo tayari ina tatizo.

Kwa nini hakuna aliyesema basi? Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Kampuni iliyomiliki klabu ilikuwa kwenye soko la hisa la London. Ilikuwa na bodi, wakaguzi wa hesabu, wanahisa. Wakopeshaji wenyewe walikuwa watu wanaopima hatari kwa mkate wao. Lakini kila mmoja alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mwingine ameangalia. Mkopeshaji alimwona mwenyekiti anayepigiwa makofi na uwanja unaojaa. Mwanahisa aliwaona wakopeshaji wakubwa wakitoa fedha. Kocha aliambiwa fungu lipo, akaomba wachezaji. Kocha anayekataa mchezaji mzuri bado hajazaliwa. Shabiki alimwona Ferdinand akivaa jezi nyeupe. Hapo katikati hapakuwa na mwizi, hata mmoja, na huenda mwizi angekuwa afadhali, kwa maana mwizi hukamatwa.

Miaka michache baadaye, hesabu zilipoanikwa, umma uligundua kwamba klabu ilikuwa ikikodi samaki wa urembo kwa ajili ya tangi la ofisini kwa mwenyekiti, pauni kama 20 kwa mwezi. Uingereza nzima ikacheka. Mpaka leo ukitaja Leeds ya wakati ule utaulizwa habari za samaki. Nami nadhani wale samaki walifanya kazi nzuri ya kuwafichia watu aibu. Pauni 20 kwa mwezi haimfilisi mwenye duka la mtaani, sembuse klabu ya Ligi Kuu. Lakini samaki wanaonekana, wanachekesha, na kumlaumu mwenye samaki hakumgusi mtu mwingine. Hati ya mkopo wa miaka 25 ilipitishwa na watu wazima waliokaa mezani, na uwanja uliokuwa ukishangilia usajili mpya ulikuwa shahidi wa harusi. Vyama vingi vya akiba na mikopo hufa hivyo hivyo: mkutano mkuu unamaliza saa mbili ukijadili posho ya chai, ajenda ya mkopo mkubwa inapitishwa watu wakichukua mikoba.

Msimu wa 2001/2002 Leeds walimaliza wa tano. England sasa ilikuwa na nafasi nne za Ligi ya Mabingwa, na ya nne ikachukuliwa na Newcastle. Katikati ya msimu timu iliyumba. Bowyer na Woodgate walikuwa na kesi mahakamani kufuatia kupigwa kwa mwanafunzi mmoja mjini Leeds. Bowyer akaachiwa huru, Woodgate akatiwa hatiani kwa kosa la kufanya fujo. Wakati huo huo O'Leary akatoa kitabu kilichotaja kesi hiyo kwenye jina lake, jambo lililowaudhi wengi klabuni. Juni 2002 akafukuzwa.

Mwezi uliofuata Ferdinand akaenda Manchester United, mahasimu wakubwa kuliko wote, kwa takriban pauni milioni 30. Angalia hapa: mchezaji ghali kuliko wote ndiye aliyeleta faida. Walionunuliwa baada yake, kwa fedha ya butura, ndio waliozama. Keane akauzwa Tottenham kwa milioni 7. Fowler akaenda Manchester City kwa bei iliyokuwa mbali na ile milioni 11, na Leeds wakaendelea kulipa sehemu ya mshahara wake akifunga mabao kwa wengine. Johnson, baada ya majeraha mengi, aliondoka 2005 bila klabu kupata senti. Soko la mpira lina masikio. Klabu ikijulikana ina haraka, simu zinazopigwa zinabadilika sauti.

Januari 2003 ikafika zamu ya Woodgate, aliyekwenda Newcastle kwa milioni 9. Kocha mpya, Terry Venables, alikuwa ameamini kwamba huyo hatauzwa. Klabu ikaitisha mkutano na waandishi wa habari, Ridsdale na kocha wake wakakaa bega kwa bega, Venables kakunja uso, hata kuficha hakufichi. Ridsdale akakiri kwamba pengine hawakupaswa kutumia fedha namna ile, lakini, akasema, waliiishi ndoto. Kabla Machi haijaisha wote wawili walikuwa wameondoka. Peter Reid akaja kuzima moto, akanusurika kwa ushindi wa 3-2 nyumbani kwa Arsenal, Viduka akifunga bao la jioni. Hesabu za mwaka ule zilionyesha hasara ya pauni milioni 49.5, ambayo Ligi Kuu haikuwa imewahi kuiona. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2004, Leeds wakafungwa 4-1 na Bolton na safari ya kushuka ikawa imekamilika. Tangu usiku wa Valencia ilikuwa haijatimia miaka mitatu.

Sasa rudi kwa wale vijana wa Thorp Arch, maana bili iliwafikia wao. Kewell alikuwa ameshakwenda Liverpool kwa milioni 5, chini sana ya thamani yake. Robinson akaenda Tottenham. Alan Smith, ambaye kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani mashabiki walimbeba mabegani akilia, alisaini Manchester United kwa milioni 7. Na alikuwepo mdogo wao, James Milner, mzaliwa wa mji huo, ambaye tarehe 26 Desemba 2002 aliifunga Sunderland akiwa na miaka 16 na siku 356 na kuwa mfungaji mdogo kuliko wote katika Ligi Kuu hadi wakati huo. Yeye hakutaka kuondoka. Aliuzwa Newcastle kiangazi cha 2004. Aliendelea kucheza Ligi Kuu miaka na miaka, akatwaa ubingwa na Manchester City na baadaye Liverpool, akawa mmoja wa wachezaji waliocheza mechi nyingi kuliko karibu wote. Klabu iliwatoa watoto iliowalea yenyewe ili ilipe madeni ya wageni ambao wengi wao walikuwa wameshaondoka.

Wachezaji walipokwisha, ikaja zamu ya mali. Mwaka huo huo wa 2004 klabu iliuza Thorp Arch. Ikauza na Elland Road, uwanja wake tangu ilipoundwa mwaka 1919, kisha ikawa mpangaji humo kwa mkataba wa miaka 25.

Ken Bates, mwenyekiti wa zamani wa Chelsea, aliinunua Januari 2005. Mwaka 2006 walikaribia kurudi Ligi Kuu, Watford wakawafunga 3-0 katika fainali ya mchujo huko Cardiff. Kisha Mei 2007 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, ikiwa na madeni ya takriban pauni milioni 35. Kwa kanuni za mpira wa Uingereza, anayelipwa kwanza na kwa ukamilifu ni wa ndani ya mpira: klabu nyingine, wachezaji, pamoja na waliokwisha kuhama. Mamlaka ya kodi, wafanyabiashara wa mjini, aliyeleta bidhaa na aliyefanya kazi ya siku, wote hao wakati ule waligawana kilichobaki. Pendekezo la kwanza waliloletewa lilikuwa peni moja kwa kila pauni waliyodai. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa walioalikwa mezani hawakuwa hata wa kwao. Wengi walikuwa mafundi na wauzaji ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanaipenda Leeds.

Wasimamizi waliingia wakati timu iko karibu kabisa kushuka daraja la tatu, kwa hiyo adhabu ya kukatwa pointi 10 iliangukia msimu ambao ulikuwa umeshakufa. Hesabu ile ya ujanja haikuwafurahisha wengine. Bodi ya ligi ikaona pia kwamba klabu ilikuwa imetoka kwenye ufilisi bila makubaliano yanayotakiwa na wadai, ikawaanzisha msimu wa 2007/2008 na pointi 15 pungufu. Katika kikosi kilichopanda basi kwenda Tranmere kwa mechi ya kwanza hakukuwa na mchezaji hata mmoja aliyecheza katika msimu ule wa Ligi ya Mabingwa. Wa mwisho wao, beki wa kulia Gary Kelly, alikuwa amemaliza mkataba wake kiangazi kile. Vijana hao walioikuta bili mezani walishinda mechi saba mfululizo, na baada ya jasho hilo lote msimamo ukaonyesha wana pointi 6. Walimaliza na 76, nafasi ya tano. Bila adhabu wangekuwa na 91, na Nottingham Forest walipanda moja kwa moja wakiwa na 82. Leeds wakapelekwa kwenye mchujo, wakafika Wembley, na Doncaster wakawafunga 1-0.